Dakika Tatu za Mama Ndoo

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alikula kwa kuinama. Kazi yake ilikuwa kuokota mipira kwenye uwanja wa mazoezi wa klabu ya gofu. Wenye nafasi zao walisimama upande mmoja wakaipiga hadi mikono ikawauma, kisha wakaenda kunywa kitu baridi, naye akaingia na ndoo yake kuikusanya, mmoja mmoja, mia tatu, mia nne, mpaka nyasi zikabaki kijani tupu. Zamani klabu ilinunua mashine ya kuokotea. Ikaharibika mwaka wa pili, na ilipoharibika wakubwa wakagundua kwamba yule mama wa ndoo haharibiki, basi habari ya mashine ikaishia hapo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Wote pale walimwita Mama Ndoo, naye aliitika.

Sasa, mtu akiinama mara mia nne kwa siku kwa miaka yote hiyo, mkono wake huanza kujitegemea. Kitu chochote cheupe, cha mviringo, kilichokaa chini, mkono wa kulia wa Mama Ndoo ulikuwa umeshakiokota kabla mwenyewe hajapata habari. Kwenye mazishi ya shemeji yake, watu wakiwa wamepanga mstari nyuma ya jeneza, aliinama ghafla akaokota kokoto jeupe na kulitia mfukoni. Mumewe akamfinya kiunoni bila kugeuza shingo. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na wala hawakuwahi kufika kwenye klabu ya gofu.

Jambo jingine la kulijua mapema ni sheria ya klabu. Mpira wowote ulioanguka ndani ya uzio ule ulikuwa mali ya klabu, uwe mpya, uwe umepasuka. Kila jioni mlinzi wa lango alichungulia mikoba ya wafanyakazi. Mwaka uliopita mwokotaji mwenzake alikutwa na mipira miwili ndani ya kilemba, akasema ni ya wajukuu kuchezea. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, alikuwa ameshavua sare. Msimamizi wa uwanja, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliwakusanya waliobaki akawaambia, "Mwizi wa mpira ni mwizi. Habari za wajukuu sitaki kuzisikia." Tangu siku hiyo Mama Ndoo alijipapasa mwili mzima kabla ya kulikaribia lango, na akiukuta mpira uliojiingiza mfukoni aliukimbiza stoo kama unamchoma.

Stoo kilikuwa chumba cha dirisha moja nyuma ya jiko la klabu. Ndani yake mlikuwa na mabeseni mawili, brashi, rafu za mbao, na televisheni kuukuu ambayo wakubwa waliitupa na mtunza stoo akaiokoa. Hapo ndipo Mama Ndoo alipojifunza gofu, mikono yake ikiwa ndani ya povu la kuoshea mipira. Mwaka wa kwanza hakuelewa kitu. Mwaka wa tatu alikuwa akiwagombeza wachezaji wa dunia nzima kwa sauti, na mtunza stoo akimsihi apunguze, maana jikoni wanasikia.

Hapo hapo stoo alimpata mtu wake. Alikuwa mchezaji mwembamba mwenye mabega yaliyoinama kidogo, fundi kweli kweli wa mchezo, ila siku ya mwisho ikifika kulikuwa daima na mtu mmoja mbele yake. Mara sita alimaliza wa pili kwenye mashindano makubwa. Stoo walimbatiza Wa Pili. Siku ya kwanza Mama Ndoo kumtazama, alikosa shimo kwa umbali wa hatua moja, mpira ambao hata mimi ninayewasimulia ningeutia, na uwanja mzima ukaguna. Wa Pili akampa mkono mshindi, akamshukuru mbeba fimbo wake, kisha akachuchumaa kutengeneza kwa vidole mahali ambapo nyasi zilikuwa zimeumia. Hakuziumiza yeye. Mama Ndoo aliacha kuosha akasema, "Huyu ndiye wangu."

"Dada, ushabiki gani huo?" mtunza stoo alimuuliza. "Watu wanachagua anayeshinda."

"Anayeshinda ana watu wengi. Huyu nani atamwangalia?"

Basi akamwangalia miaka kumi na moja. Mumewe, fundi vyuma aliyekuwa na karakana yake mbele ya nyumba, hakuwahi kuuelewa mchezo wenyewe. Mtu anapiga kitu kiende mbali, halafu anakifuata kwa miguu, halafu anakipiga tena. "Kama alikuwa anakitaka," alisema, "mbona alikipiga?" Hata hivyo aliweza kujua Wa Pili ameshindwa kwa namna sufuria ilivyotua juu ya meza, na siku hizo alikula kimya, bila kuomba hata chumvi.

Halafu yakaja yale yasiyotarajiwa. Mashindano makubwa yenyewe, yale ya kwenye televisheni, yakaletwa kwenye klabu ile ile. Mwaka mzima walipanda nyasi, wakapaka rangi, wakajenga majukwaa. Na siku moja, mbele ya waandishi wa habari, Wa Pili akatangaza kwamba atakuja, na kwamba yatakuwa mashindano yake ya mwisho. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na mgongo uliomsaliti. Hatafuti kombe tena, alisema. Anataka kitu kimoja tu, kumaliza Jumapili, aondoke kwenye mchezo akiwa bado anacheza.

Hapa ni lazima nieleze kidogo. Mashindano yale huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Ijumaa jioni kuna mchujo. Nusu ya wachezaji, wale wenye mapigo mengi, hufunga mikoba na kurudi kwao. Waliobaki ndio wanaoiona Jumapili. Kwa hiyo Wa Pili alipotaka Jumapili, alikuwa anataka kuvuka mchujo, basi. Na Mama Ndoo naye alikuwa na ombi lake, ambalo hakumwambia mtu isipokuwa mumewe. Alitaka asubuhi ya Jumapili aingie na ndoo yake kwenye uwanja wa mazoezi, aokote mipira iliyopigwa na mkono wa mtu yule.

"Hayo tu?" mumewe alishangaa.

"Hayo tu."

"Mke wangu, watu wanaomba magari."

Kila mfanyakazi alipewa kibali cha kutazama siku moja, na siku za mwisho ziliwekwa kwa wageni. Mama Ndoo alichagua Ijumaa. Alhamisi aliosha mipira ya siku mbili ili mtunza stoo asilemewe, akarudi nyumbani vidole vimekunjamana. Asubuhi alivaa gauni lake la maua, viatu vya chini, na mkoba mweusi wa mtoko wenye kifungo kinacholia. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na moyo ulimdunda kama wa mwari.

Alimfuata tangu shimo la kwanza. Kundi la watazamaji, maelfu kwa maelfu, lilikuwa limemwendea kijana anayeongoza. Nyuma ya Wa Pili walianza watu kama arobaini. Shimo la tisa walibaki kumi na tano. Mama Ndoo alimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza na akasikitika, kwa sababu televisheni ilikuwa imemficha umri. Aliinama kuweka mpira akainuka kwa awamu mbili, mkono nyuma ya kiuno. Lakini alikuwa anapiga vizuri. Shimo la kumi na mbili alitia mpira wa mbali, Mama Ndoo akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma, na Wa Pili akamtazama, akainamisha kichwa kidogo. Kwake yeye, Mama Ndoo wa stoo! Alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, akaishia kukohoa.

Walipomaliza shimo la kumi na sita, ubao wa matokeo ulionyesha kwamba Wa Pili amesimama juu ya mstari wenyewe wa mchujo. Mashimo mawili yalibaki. Asipoteze hata pigo moja, ameingia. Apoteze moja, amekwenda.

Shimo la kumi na saba hupigwa kutoka juu ya kilima, na aliye juu hauoni mpira unapotua. Miti ipo kulia, miti ipo kushoto. Mama Ndoo, ambaye aliijua ardhi ile kama sakafu ya jiko lake, aliwaacha wenzake juu wakisubiri. Akateremka peke yake kwa kijia cha kushoto, chini ya miti, ili awahi nafasi nzuri karibu na shimo. Alikuwa amefika katikati aliposikia fimbo ikilia kule juu, halafu kishindo kikavu cha mpira kugonga mti upande wa kulia. Watu waliguna. Yeye aliendelea kutembea, moyo juu juu, akisema, jamani usipotee, jamani usipotee. Hatua ishirini mbele, kwenye nyasi ndefu za ukingoni mwa kijia, palikuwa na kitu cheupe. Mahali pale mipira ya kale haikosekani. Mkono ukaenda, ukaokota, ukafungua mkoba, ukatia, kifungo kikalia. Mama Ndoo mwenyewe alikuwa mbali, kule kulia na wale watu, akikimbia na gauni lake la maua.

Ninyi mmeshaelewa. Yeye hakuelewa.

Mpira uligonga mti wa kulia, ukarudi nyuma, ukavuka uwanja wote wa katikati, ukatulia kushoto, na hakuna aliyeuona ukivuka. Mwenye bendera aliyewekwa pale kuangalia mipira aliapa kwamba umeangukia papo hapo chini ya mti, hauwezi kupotea. Kwa sababu ya maneno yake Wa Pili hakupiga mpira wa akiba, ule unaopigwa mapema ili wa kwanza ukipotea mtu asirudi kuanza upya kule juu. Alishuka kilima taratibu, mwamuzi akaangalia saa yake, na kutafuta kukaanza. Sheria inatoa dakika tatu.

Msimamizi wa uwanja alikuwepo, na alipomwona Mama Ndoo akija mbio, uso wake ulikunjuka. "Mpisheni mama huyu," aliwaambia watu kwa ile sauti yake ndogo. "Huyu ndiye mtaalamu wetu. Hakuna mpira unaomshinda."

Mama Ndoo akashika uongozi. Wewe pita huku, wewe fungua kichaka kile, jamani msikanyage kanyage! Alipiga magoti kwenye majani makavu na gauni la mtoko. Wa Pili alikuja akainama kando yake, anahema kwa maumivu.

"Mama, umeona chochote?"

"Bado, baba. Lakini tutaupata. Hapa hapotei kitu."

"Nashukuru," alisema Wa Pili, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye televisheni.

Jasho lilimwingia machoni. Alifungua mkoba atoe kitambaa, na vidole vikagusa mpira.

Aliujua kabla ya kuutazama. Aliugeuza kwa kidole gumba, ndani ya mkoba, na zikatokea nukta mbili nyekundu na mstari chini yake. Ile ilikuwa alama ya Wa Pili. Alikuwa ameiona kwa miaka kumi na moja kwenye televisheni, mchezaji akiichora kwa kalamu kabla ya kila mchezo.

"Dakika moja imebaki," alisema mwamuzi.

Sheria aliijua vizuri kuliko wengi waliokuwa pale. Mtazamaji akiokota mpira kwa makosa, mchezaji haadhibiwi. Unarudishwa ulipokuwa, mchezo unaendelea, mradi ijulikane kabla dakika tatu hazijaisha. Aseme neno moja tu: ninao. Alifungua mdomo. Msimamizi alikuwa hatua mbili kutoka kwake, amechuchumaa, anafukua majani kwa mikono yake mwenyewe. Mama Ndoo aliona mpira ndani ya mkoba wake wa mtoko jinsi mtu yule atakavyouona. Akamwona mwenzake akivua sare. Akaona lango, mlinzi, na wageni wa dunia nzima wakimtazama mtaalamu aliyewatafutisha mpira alioufungia mwenyewe kwenye mkoba. Aliogopa. Sina neno zuri zaidi la kumpa. Aliogopa, na ulimi, ambao huwa hauna mfupa, siku ile uliota mfupa.

Akawaza njia nyingine. Audondoshe chini kimya kimya, kisha apige kelele kwamba huu hapa. Nani atajua? Lakini pale sipo ulipokuwa. Wa Pili angepiga kutoka mahali pa uongo bila kujua, na yeyote akija kugundua, jina la mtu yule lingechafuka kwenye mashindano yake ya mwisho. Hapana. Hilo hapana. Na wakati anakataa, na wakati anarudi kwenye lile neno moja, na wakati anajiambia sasa, sema sasa, sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Muda umekwisha," alisema mwamuzi.

Watu walinyanyuka, wakajipangusa magoti. Wa Pili alivua kofia yake. "Asanteni kwa kunisaidia," aliwaambia, akimtazama kila mmoja, kisha akageuka na kuanza kukipanda kile kilima alichokuwa ameshakishuka, mkono kiunoni. Mama Ndoo alimwona mgongo wake. Ndipo sauti ikatoka, imechelewa, kubwa kupita kiasi.

"Ninao! Ninao mimi! Uko kwenye mkoba wangu!"

Aliutoa mpira akauinua juu. Alieleza akilia: alipita kushoto, akaona kitu cheupe, mkono ukachukua, ni mazoea, ni kazi yake ya miaka ishirini na miwili. Aliwaonyesha mahali penyewe, na nyasi zilikuwa bado zimelala ulipokuwa umekaa. Mwamuzi alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Ingejulikana nusu dakika mapema, alisema, mpira ungewekwa pale pale bila adhabu yoyote. Sasa muda umepita. Mpira umehesabiwa kuwa umepotea, hata kama sote tunauona. Maji yakishamwagika ndiyo hivyo.

Msimamizi alikuwa amesimama, uso wake umefungwa. Wa Pili alishuka tena hatua chache.

"Umeugundua lini, mama?"

Hili ndilo swali. Aliliuliza kwa upole, hakukuwa na mtego ndani yake. Mama Ndoo alikuwa na kitambaa mkono mmoja na mpira mkono mwingine, na watu wote walikuwa wakimsubiri.

"Sasa hivi, baba," alisema. "Nilikuwa natafuta kitambaa."

"Basi." Wa Pili alimgusa bega. "Basi, usilie. Ni mkono tu. Wangu nao una mambo yake."

Akapanda kilima. Alipiga upya na adhabu juu, akamaliza shimo lile amepoteza mapigo mawili. Kwenye shimo la kumi na nane, mbele ya majukwaa yaliyokuwa nusu tupu kwa sababu watu walikwenda kwa anayeongoza, alitia mpira wa hatua kumi na tano na kurudisha pigo moja. Asiye na bahati habahatishi. Alikosa mchujo kwa pigo lile lingine.

Mama Ndoo alisimama kwenye kamba, karibu na njia ya kutokea. Alikuwa ameamua. Akipita hapa, nitamwambia. Nitamwambia kwamba nilijua, dakika moja nzima nilijua. Waandishi wa habari wanne walikuwa wakimngojea Wa Pili, na msimamizi wa uwanja alikuwa pamoja nao, maana habari za mpira kwenye mkoba zilikuwa zimeshawafikia wakubwa.

Wa Pili alitoka kwenye kibanda cha kuandikisha matokeo. Waandishi walimuuliza kuhusu shimo la kumi na saba. Alitazama huku na huku, akamwona, akamwita kwa mkono aje.

"Mama huyu hapa," aliwaambia. "Nawaombeni msiandike vibaya juu yake. Aliokota kwa bahati mbaya, na alipogundua tu, akasema mbele ya watu wote. Wangapi wangenyamaza? Angeweza kuondoka nao nyumbani na nisingejua maisha yangu yote." Akamgeukia msimamizi. "Mna mtu mkweli hapa. Mtunzeni."

"Tunamfahamu," alisema msimamizi. Uso wake ulifunguka, na akampigia Mama Ndoo makofi madogo. Wengine wakafuata.

Mama Ndoo alifungua mdomo kwa mara ya pili siku ile. "Baba," alisema, "mimi..."

"Usiseme kitu, mama. Nakukumbuka. Ulikuwa unanipigia makofi tangu asubuhi." Alimshika mikono yote miwili, akaitikisa. Halafu mbeba fimbo wake akamwita, gari lilikuwa linasubiri, na mtu yule ambaye hatacheza tena aliondoka akiwa ameinamisha mabega yake, hata jioni haijafika.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye lango mlinzi hakuutazama mkoba, alimpigia saluti. Jumamosi angeingia kazini kama kawaida, na Jumapili pia, na ndoo ingejaa mipira ya watu wengine.

Mumewe alikuwa amekwishaweka mashine ya kuchomelea chini na alikuwa ananawa mikono nje. Alimtazama mkewe usoni, akaona sufuria haitatua vizuri leo.

"Mtu wako vipi?"

"Hakuvuka."

"Lo. Pole, mke wangu. Kwa nini?"

Akamweleza. Alimweleza mti, kijia, mkono, mkoba. Alieleza dakika tatu na swali la Wa Pili. Alipofika kwenye swali alisita, na mumewe, aliyekuwa akimsikiliza huku amesahau kufunga bomba, akauliza, "Ukasemaje?"

"Nikasema sasa hivi."

"Enhe. Halafu?"

Mama Ndoo alimtazama mwanamume huyu aliyeishi naye miaka thelathini na moja, ambaye yeye hajawahi kumdanganya hata kwa bei ya nyanya. Alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki wa kumwambia. "Halafu akawaambia waandishi kwamba mimi ni mkweli," alisema.

Fundi vyuma alifunga bomba. Macho yalimlegea kwa fahari. Kisha akatoka mpaka mbele ya karakana, walikokaa majirani kila jioni kwenye benchi, na Mama Ndoo, akiwa jikoni, akamsikia kupitia dirishani. Alikuwa anasimulia. Mtu yule aliyeuona mchezo wote wa gofu ni upuuzi sasa alikuwa anawaeleza watu maana ya mchujo, na dakika tatu, na mwamuzi na saa yake. Alikosea mahali pengi. Alipofika kwenye maneno ya Wa Pili aliyasema mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mtu mkweli, jamani. Mbele ya televisheni.

Majirani walishangilia. Mmoja akasema anataka kulisikia hilo kutoka kwa mwenyewe.

"Mke wangu!" fundi aliita. "Hebu njoo uwasimulie, mimi nakosea kosea."

Aliinamia beseni akanawa uso. Akajifuta na ncha ya khanga, akasubiri kidogo nyuma ya mlango mpaka pumzi ikatulia, kisha akatoka kwenda kuwasimulia.